Barua kwa mwanangu: utafune nini hamu ya sigara ikikushika

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Unasema tangu uache sigara mdomo hautulii, kila hamu ikipanda unaishia kwenye chipsi na soda, na suruali zimeanza kukubana. Unauliza ule nini.

Kwanza uzito usikutishe. Nikotini huzima njaa na kuufanya mwili uunguze chakula haraka. Ikiondoka, njaa inarudi. Wengi wanaoacha huongezeka kilo 4 au 5 hivi katika mwaka wa kwanza. Usirudie sigara kwa ajili ya suruali, fundi atakuongezea kiuno.

Hiyo hamu ya sigara mnayoiita arosto, kila ikikushika hudumu dakika chache, mara nyingi 5 hadi 10, kisha inalegea yenyewe. Kwa hiyo huhitaji kushiba. Unahitaji kuushughulisha mdomo na mikono mpaka dakika hizo zipite. Ndiyo maana nakusisitizia vyakula vyenye kazi. Nunua karanga za maganda. Unabonyeza, ganda linapasuka, unapukusa ile ngozi nyekundu, unatia mbili mdomoni, unashika nyingine. Kiganja kimoja kinakutosha. Zile zilizokwisha kumenywa utazimimina mdomoni mara moja, na karanga zina mafuta mengi. Mbegu za maboga zilizokaangwa kavu ni hivyohivyo. Chungwa menya mwenyewe. Karoti na tango kata vipande vya urefu wa kidole, kamulia ndimu, tia kwenye kopo uende nalo kazini, maana vidole vyako vimezoea kushika kitu. Ubuyu wa rangi uache, sukari imeuzidi ubuyu wenyewe. Usiku tafuna iliki.

Sasa kahawa, na hapa nisikilize sana. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini upesi. Ukiacha kuvuta, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo vikombe vilevile ulivyozoea vinakuzidi nguvu: moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hupati, nawe unadhani ni sigara inakuita. Punguza vikombe viwe nusu. Na kijiweni usiende kwa wiki hizi za mwanzo. Pale kahawa inakuja na kashata, na jirani yako kwenye benchi anawasha sigara. Wiki mbili hadi nne za mwanzo ndizo nzito, hasa zile siku tatu za kwanza ambazo wewe umeshazivuka, Mungu akubariki.

Mtu asikudanganye na kuberi wala ugoro. Ni tumbaku ileile, nikotini ileile. Ukiona umezidiwa, nenda duka la dawa uulizie bigijii zenye nikotini. Hizo hazitafunwi mfululizo: unatafuna kidogo mpaka usikie ukali, unaibana kati ya shavu na fizi, kisha unatafuna tena. Robo saa kabla yake usile chungwa wala kunywa kahawa au soda, maana uchachu huzuia dawa isiingie mwilini.

Jumamosi nitakutumia kifurushi kwa basi la asubuhi: karanga za maganda, mbegu za maboga na iliki. Nitakupigia kukupa namba ya dereva. Nawe unijibu unalala saa ngapi siku hizi, na vikombe vya kahawa ni vingapi kwa siku.

Mama yako