Indeksi ipo, mbona ORDER BY bado nzito?

Ndugu, umeuliza kwa nini kweri yako (ombi la data) ya MySQL, WHERE mteja_id IN (7, 9) ORDER BY tarehe (yaani ipange kwa tarehe), bado ni nzito ilhali jedwali lina indeksi, ile orodha iliyopangwa ya kutafutia data haraka. Indeksi yako ya (mteja_id, tarehe) haina kasoro. Kinachokuponza ni ile mteja_id IN (7, 9) kwenye kweri. Indeksi imepangwa kwa mteja kwanza, na tarehe zinafuatana ndani ya kila mteja tu. Ukiandika WHERE mteja_id = 7 ORDER BY tarehe LIMIT 20, MySQL inasoma indeksi moja kwa moja, haipangi chochote, na ikifikisha mistari 20 inasimama. Hapo ndipo utamu wa indeksi ya safu (kolamu) nyingi ulipo! Ukiomba wateja wawili, au mteja_id > 7, tarehe zao hazifuatani tena, basi lazima ipange upya. Tazama EXPLAIN (amri inayoonyesha MySQL itakavyotekeleza kweri), utaona "Using filesort", yaani inapanga upya.

ORDER BY tarehe peke yake, bila WHERE ya mteja, inataka indeksi inayoanza na tarehe.

Kuhusu DESC (kupanga kutoka kubwa kwenda ndogo; ASC ni kinyume chake): ikiwa kwenye safu zote mbili hakuna shida, indeksi inasomwa kinyumenyume. Ukichanganya mteja_id ASC, tarehe DESC, tengeneza indeksi yenye mielekeo hiyohiyo, na hakikisha uko toleo la 8.0 au jipya zaidi, kwa sababu matoleo ya zamani yaliipokea DESC kwenye indeksi kisha yakaipuuza kimyakimya.