Mdhamini wa Mfuko wa Pensheni Anamtumikia Nani?

Katika kazi yangu ya uwakili jijini Nairobi, wanaonijia kuhusu mifuko ya pensheni ya makazini mara nyingi si wastaafu, bali wadhamini, yaani wajumbe wa bodi inayoushikilia mfuko kwa niaba ya wanachama, waliokwisha kubanwa: mwajiri hajawasilisha michango, wanachama wameanza kuuliza, na mwenyekiti wa wadhamini ndiye yuleyule meneja wa fedha aliyeamua kwamba pesa hizo zingoje. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 haimzuii meneja kuwa mdhamini, lakini akishaketi katika bodi hiyo inampasa kuwatumikia wanachama, hata pale maslahi yao yanapogongana na ya kampuni inayomlipa mshahara.

Ndiyo maana kanuni huwapa wanachama haki ya kuteua angalau nusu ya wadhamini katika mfuko ambao mafao hutokana na michango na faida yake, na angalau theluthi moja katika ule unaoahidi kiwango maalumu cha pensheni. Haki hiyo haina faida ikiwa aliyechaguliwa na wafanyakazi anamwogopa bosi wake, jambo ninaloliona mara kwa mara. Kwake ushauri wangu ni kudai, katika kila mkutano, taarifa ya msimamizi wa mfuko inayoonyesha tarehe ambayo michango ya kila mwezi ilipokewa. Safu ya Aprili ikiwa tupu ilhali hati za mshahara za mwezi huo zinaonyesha makato, aulize papo hapo na ahakikishe swali na jibu vimeandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Mwajiri naye ajue kwamba kifungu cha 53A kinaipa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko hii, uwezo wa kumdai pesa alizokata na asiziwasilishe, pamoja na adhabu. Ikiwa kampuni imeishiwa kweli, ni heri apeleke mpango wa kulipa kwa maandishi kabla ya kuitwa kujieleza.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi, ni kifo cha mwanachama. Kifungu cha 36A kinasema wazi kwamba mafao yake si sehemu ya mirathi, na hulipwa na wadhamini kwa kufuata kanuni za mfuko. Familia hata hivyo huja na hati za mahakama za usimamizi wa mirathi zikiamini kwamba shauri limekwisha. Chukua mfano wa mfanyakazi aliyejaza fomu ya kuteua wanufaika akiwa kapera, akaandika jina la mama yake, kisha akaoa na kupata watoto bila kuigusa tena fomu ile. Katika mifuko mingi fomu huwaongoza wadhamini lakini haiwafungi. Kwa hiyo wachunguze nani walimtegemea marehemu, waombe vyeti vya kuzaliwa na barua ya chifu, wausikilize kila upande, kisha waandike sababu za mgawo wao. Uamuzi usio na sababu ni vigumu kuutetea mbele ya RBA, na baadaye mbele ya Baraza la Rufaa, na wasioridhika hawakosi.

Kuhusu NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nitasema kwa ufupi. Tangu sheria yake ya 2013 ilipoanza kutekelezwa mwaka 2023, mwajiri mwenye mfuko unaokidhi masharti anaweza kuomba idhini ya RBA ili michango ya daraja la pili, ile ya sehemu ya mshahara iliyo juu ya kiwango cha chini kilichowekwa, ibaki katika mfuko wake, ingawa ya daraja la kwanza, ya mshahara usiozidi kiwango hicho, lazima iende NSSF. Wengi hukimbilia kuomba idhini bila kusoma hati ya udhamini, yaani hati iliyouanzisha mfuko, na kanuni za mfuko wao wenyewe. Isomeni kwanza, mwone kama inaruhusu kupokea michango hiyo. Ikihitaji kurekebishwa, hakikisheni marekebisho yamesajiliwa na RBA kabla ya shilingi ya kwanza kuingia.