Maumivu ya ubavuni mwa nyonga: usinyooshe msuli kabla hujajua kazi yake

Ndugu uliyeuliza, umesema unaumwa upande wa nje wa nyonga ya kulia tangu miezi minne iliyopita, usiku huwezi kuulalia upande huo, umeshauriwa unyooshe misuli kila asubuhi na hali inazidi kuwa mbaya. Ukauliza kuna misuli gani hasa pale. Mimi si daktari, ila niliumwa hivyohivyo zaidi ya mwaka mzima, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa sababu sikujua jibu la swali lako.

Anza kwa kuweka kidole mahali panapouma. Wengi wetu tukisema nyonga tunashika ubavuni, kumbe kiungo chenyewe kiko ndani sana, usawa wa kinena. Pale kichwa cha fupaja, mviringo kama mpira, kimeingia kwenye kikombe cha fupanyonga. Kiungo hicho kikichakaa, mara nyingi maumivu husikika kinenani. Kile kifundo kigumu unachokigusa ubavuni ni kitu kingine: ni nundu ya fupaja, na juu yake ndipo kano za misuli kadhaa zinapojishikiza. Kama kidole chako kinatua hapo, basi huenda tunazungumzia jambo moja.

Msuli unaojulikana na kila mtu ni gluteasi maksimasi, ule unaolipa tako umbo lake, mkubwa kuliko misuli yote ya mwili. Unaanzia nyuma ya fupanyonga na kwenye kifandugu, unashuka kimshazari, na nyuzi zake nyingi zinaishia kwenye ukanda mpana na mgumu unaoteremka ubavuni mwa paja mpaka chini kidogo ya goti. Kazi yake kubwa ni kunyoosha nyonga iliyokunjwa: kuinuka kitini, kupanda ngazi, kukimbia. Weka kiganja takoni utembee taratibu mahali tambarare, halafu panda ngazi. Utasikia tofauti mwenyewe.

Chini ya huo kuna miwili ambayo ndiyo iliyonitesa: gluteasi midiasi na, ndani zaidi, gluteasi minimasi. Yote inaanzia uso wa nje wa fupanyonga na kushuka hadi kwenye ile nundu. Maelezo niliyokuwa nayasoma yalisema kazi yake ni kuupeleka mguu kando. Ni kweli, lakini kauli hiyo ilinipotosha sana, kwa sababu nilijiuliza: kwa siku mimi napeleka mguu kando mara ngapi? Nikaona ni misuli ya wacheza sarakasi.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifungua macho. Alinisimamisha mbele ya kioo, akaniambia nisimame kwa mguu unaouma na kuinua mwingine. Nikaona kiuno changu kinashuka upande wa mguu ulio hewani, na kifua kinaegemea upande wa pili ili nisianguke. Kipimo hicho kina jina la daktari mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, aliyekieleza mwaka 1895. Hapo nikaelewa. Katika kila hatua unayopiga, kuna muda ambapo mguu mmoja tu ndio unaogusa ardhi, na upande ulio hewani ungeporomoka kama midiasi na minimasi za mguu uliosimama zisingelivuta fupanyonga libaki sawa. Kwa hiyo msuli unaodhaniwa ni wa kuinua mguu kando unashinda kutwa nzima ukizuia kiuno kisianguke.

Na kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Ndoo ukiikumbatia kifuani ni nyepesi. Ukiibeba kwa mkono ulionyooka mbele inakulemea. Nyonga iko hivyo. Uzito wa mwili unavuta ukiwa mbali na kiungo, msuli unavuta ukiwa karibu, hivyo inabidi uvute kwa nguvu nyingi zaidi. Ukisimama kwa mguu mmoja, kiungo cha nyonga hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 anakuwa amekibebesha kama kilo 150. Hii ndiyo sababu mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande usiouma: ukiwa mbali na kiungo kibovu, nguvu kidogo tu ya mkono inampunguzia msuli mzigo mkubwa. Nimeona watu wengi mno wanaushika upande unaouma, na inanisikitisha kila mara.

Sasa rudi kwenye kujinyoosha kwako. Bila shaka unaambiwa ukunje nne au uvushe mguu mbele ya mwingine mpaka usikie unavutika ubavuni. Mguu unapovuka hivyo, ule ukanda wa paja unakaza na kuzibana kano za midiasi na minimasi juu ya nundu. Kano iliyokwisha kuchoka haitaki kubanwa. Mimi nilifanya hivyo asubuhi na jioni kwa miezi, nikidhani maumivu ni dalili ya msuli uliokaza, kumbe ulikuwa dhaifu. Nilichoelekezwa ni kinyume: niache kukunja nne, niache kusimama nikiegemea nyonga moja, nilale na mto katikati ya magoti. Kisha nikaanza kusukuma mguu ukutani bila kuusogeza, baadaye kuinua makalio nikiwa nimelala chali, mwishowe kupanda kijukwaa kifupi kwa mguu mmoja. Usiku wa kwanza nilioulalia upande ule bila kuamka ulikuja baada ya miezi minne hivi.

Misuli mingine nitaipitia haraka. Mbele kuna psoasi, inayotoka kwenye pingili za kiuno na kuungana na msuli mwingine, iliakasi, ili kuinua paja. Kuna pia sartoriasi, msuli mrefu kuliko yote mwilini, unaokatiza paja hadi upande wa ndani wa goti. Ndani ya paja kuna kundi linalorudisha mguu katikati. Wacheza mpira wanaoumia kinena mara nyingi wameumia hapo. Misuli ya nyuma ya paja inaanzia kwenye ule mfupa unaoukalia.

Ndani kabisa ya tako kuna misuli sita midogo inayozungusha paja kwa nje. Mmoja wao, piriformisi, unastahili neno zaidi, maana neva nene kuliko zote mwilini hutokea chini yake kuelekea mguuni, na kwa baadhi ya watu sehemu ya neva hiyo hupenya katikati ya msuli wenyewe. Ndiyo maana sindano ya takoni huchomwa robo ya juu upande wa nje. Maumivu yako yakishuka kupita goti yakiwa na ganzi au kuwaka moto, fikiria neva au mgongo, na haya niliyoandika hapo juu yasikuongoze.

Kama ulianguka na huwezi kukanyaga, una homa, unakonda bila sababu, au ganzi imeingia katikati ya mapaja na mkojo umebadilika, usisubiri ushauri wa mtu yeyote humu. Nenda hospitali leo.

Kama hayo hayapo, shika ukuta kwa kidole kimoja tu, simama kwa mguu wa kulia kwa sekunde 30, utuandikie maumivu yametokea wapi: palepale juu ya nundu, kinenani, au nyuma ya tako.