Mkialikwa kula na wateja: kwa mlioanza kazi Arusha na Moshi

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi kwenye kampuni za utalii na ofisi za kahawa, haitapita muda bosi atawaambia, "Kesho twende wote tukale na wageni." Msiende kushiba. Kuleni kitu ofisini kabla ya kutoka, maana mwenye njaa hasikilizi, na mmeitwa pale kusikiliza. Mgeni anayefikiria kuwapa watalii wake au kununua kahawa yenu anataka kujua kama mnawajali watu walio karibu nanyi, na mezani hilo halifichiki.

Vifaa visiwatishe. Uma kushoto, kisu kulia; vikiwa vingi, anza na vya nje. Sahani ya mkate iliyo kushoto ni yako, na glasi za kulia ni zako. Kitambaa weka mapajani. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba juu ya sahani, mhudumu ataelewa aondoe. Hayo mtayazoea haraka.

Kazi kubwa iko kwenye chakula chetu wenyewe, kwa sababu hapo sisi ndio wenyeji. Nyama choma ikishafika kwenye ubao, imekatwakatwa, na ndizi choma, kachumbari, chumvi na pilipili pembeni, wote mnakula pamoja. Mhudumu akija na jagi na beseni, mgeni anawe kwanza, kisha mkubwa wenu. Chukua kipande kilicho mbele yako, kwa mkono wa kulia. Usipekue ubao ukitafuta maini, na kipande ulichokwisha kung'ata usikirudishe kwenye chumvi ya wote. Mgeni akiomba uma, mwite mhudumu kwa sauti ya chini, na mmoja wenu naye achukue uma ili mgeni asijione yuko peke yake. Mkiagiza mtori, ile supu nzito ya ndizi, mwambieni mgeni mapema kwamba unatunza joto. Aanzie pembeni mwa bakuli.

Kabla ya siku yenyewe, ulizeni nani hali nini. Meza moja hapa mjini inaweza kuwa na Mwislamu, Mhindi asiyegusa nyama kabisa, na Mzungu ambaye karanga zinamdhuru. Mezani si mahali pa kuanza kumhoji mtu. Ukiwa mwezi wa Ramadhani na mgeni amefunga, kutaneni ofisini, au mwalikeni futari. Na ile tabia yetu ya "ongeza kidogo, onja tu" iacheni nyumbani. Kwa shangazi ni upendo. Kwa mteja ni mzigo, hasa ikihusu pombe. Usipokunywa, agiza soda bila maelezo. Unayekunywa, bia moja inatosha.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni dereva. Aliyewaleta wageni kutoka uwanja wa ndege wa KIA au kuwashusha kutoka Ngorongoro mara nyingi huachwa kwenye gari wakati nyinyi mnakula. Mmoja wenu ainuke kabla hamjaagiza, amuulize kama amekula na anapenda kitu gani. Wageni wameshinda naye barabarani na wamemzoea, kwa hiyo wanaangalia mnavyomtendea. Hata wasipoangalia, ni mwenzenu kazini. Na mhudumu msimpigie mluzi wala msimwite "we dada". Mwiteni kwa heshima, na asante itamkwe kila anapoleta kitu.

Biashara aianzishe bosi, kwa kawaida sahani zikishaondolewa. Makaratasi yasitandazwe kwenye mchuzi. Simu iwe kimya, tena mfukoni.

Aliyealika ndiye anayelipa, na bili isizue mvutano mbele ya wageni. Ukitumwa kulipa, nenda kaunta mapema kabla watu hawajaanza kuinuka, taja TIN ya kampuni, yaani namba yake ya mlipakodi, na usiondoke bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Ihakiki pale pale kama jina na kiasi viko sawa, kisha siku hiyo hiyo mkabidhi mhasibu.