Usiutazame Mstari wa Katikati

Usiku wa Jumatatu, tarehe 26 Septemba 2022, nililala fofofo. Kimbunga Ian kilikuwa bado kinaikaribia Cuba, na kwenye ramani mstari wa njia yake iliyotabiriwa ulielekea upande wa Tampa. Sisi tunakaa Fort Myers, jimbo la Florida, Marekani, zaidi ya kilomita 150 kusini ya huko. Mama alipopiga simu kutoka nyumbani nikamtuliza: "Usijali mama, hicho kinakwenda kwa jirani." Jumatano alasiri kikatua Cayo Costa, kisiwa kilicho puani petu, kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa.

Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe kwa kuusoma ule mstari kama ratiba ya basi. Tangu hapo, kila msimu wa vimbunga unapofunguliwa tarehe 1 Juni, ndugu waliohamia Florida karibuni kutoka Afrika Mashariki huniuliza wajiandae vipi, nami huanza na ramani kabla ya maji ya kunywa. Sisi tumelelewa na kusi na kaskazi. Mombasa iko karibu mno na ikweta kwa vimbunga kujisuka, na pwani ya Tanzania huonjeshwa kwa nadra, kama kimbunga Hidaya kilivyofanya mwaka 2024. Kwa hiyo hofu ya kitu hiki hatukuzaliwa nayo.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga, kilichoko Miami, hutoa taarifa kamili mara nne kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku (nahesabu kwa saa zetu, msije mkachanganyikiwa). Kwenye ramani utaona umbo linalotanuka kama koni ya aiskrimu. Hilo linaonyesha kitovu cha kimbunga huenda kikapita wapi, basi. Halisemi upepo utafika wapi, mvua itanyesha wapi, wala bahari itapanda wapi. Na kitovu chenyewe hutoka nje ya koni takriban mara moja katika kila tatu. Ukiwa popote ndani yake, hesabu kwamba kinakuja kwako. Ukiwa nje kidogo, usianze kusherehekea. Sisi tulikuwa ukingoni.

Kuna ramani nyingine ambayo wengi huipuuza kwa sababu haina jina la kimbunga. Ni ile ya mtazamo wa siku saba, yenye madoa ya njano, chungwa na nyekundu kulingana na uwezekano wa dhoruba kuzaliwa. Mimi doa la chungwa likitazama Ghuba ya Mexico najaza tangi la gari. Wenzangu hunicheka. Siku tatu baadaye wako kwenye foleni ya petroli inayozunguka mtaa mzima, na mimi niko nyumbani natafuta betri za tochi.

Halafu kuna hili suala la daraja. Mtu atakuambia, "Ah, ni daraja la kwanza tu." Daraja, kuanzia la 1 hadi la 5, linapima kasi ya upepo peke yake. Kimbunga Harvey, mwaka 2017, kilikuwa kimeshapungua nguvu hadi kuwa dhoruba ya kawaida ya kitropiki kilipoizamisha Houston, na sehemu za Texas zikapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua. Hapa kwetu, Ian iliiinua bahari zaidi ya mita 3 juu ya ardhi pale Fort Myers Beach, na wengi wa waliouawa moja kwa moja na kimbunga hicho walikufa maji. Wenyeji wana msemo wao: kimbia maji, upepo jifiche.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kukijua ni herufi yako. Pwani ya Florida imegawanywa katika kanda za kuhama, kuanzia A, ambayo ndiyo huondoka mwanzo. Andika anwani yako kwenye tovuti ya kaunti, utaiona. Usiichanganye na kanda za mafuriko za bima, ambazo nazo zina herufi zake. Nimemwona mtu akikaa kwake kwa amani kwa sababu alisoma herufi ya bima.

Sisi tuko A. Jumanne asubuhi mstari ulipohamia kusini, bado nilikuwa nikijadiliana na televisheni. Mke wangu hakujadiliana na mtu. "Baba watoto, mizigo iko mlangoni, wewe baki na hiyo ramani yako." Tukaenda kwa rafiki anayeishi bara, mwendo wa nusu saa tu, kwenye nyumba ya matofali mbali na bahari. Watu hudhani kuhama ni lazima uvuke majimbo mawili na ulale hotelini. Unachotafuta ni kutoka kwenye maji. Paa la rafiki lilipoteza vigae na umeme ukakatika, lakini tulilala pakavu, watoto kwenye mkeka sebuleni.

Tuliporudi, alama ya tope ukutani ilinifika kifuani. Kabati la nguo lilikuwa limeelea likahamia jikoni. Na mimi, kwa akili zangu zote, nilikuwa nimebeba televisheni nikaacha vyeti vya watoto kwenye droo ya chini. Siku hizi pasipoti, vyeti, dawa na fedha taslimu vinakaa kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, kuanzia Juni hadi Novemba. Fedha taslimu, kwa sababu umeme ukikatika kadi ni plastiki tu. Kabla ya kufunga mlango napiga video ya kila chumba. Na bima ya nyumba ya kawaida hailipi mafuriko. Ile ya mafuriko hununuliwa kando, na kwenye mpango wa serikali kwa kawaida husubiri siku 30 kabla ya kuanza kazi, kwa hiyo kuikumbuka kimbunga kikiwa Cuba ni kazi bure.

Maji ya kunywa: karibu lita 4 kwa mtu kwa siku. Jaza na beseni la kuogea, la kumwagia chooni. Utepe wa gundi kwenye vioo vya madirisha hausaidii kitu; weka plaiwudi au acha. Kwenye friza gandisha kikombe cha maji, juu yake weka sarafu. Ukirudi ukaikuta imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama hiyo usile.

Jenereta ndiyo inayonitisha kuliko vyote, maana huua baada ya hatari kupita. Moshi wake una gesi ya monoksaidi ya kaboni, haina harufu, na mtu huondoka usingizini. Iwashe nje, angalau mita 6 kutoka dirishani. Si barazani. Si kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi. Ukiona mvua inailowesha, izime ukae gizani.

Jambo la mwisho ni mama. Mitandao ya simu ilizidiwa na hakupata habari zetu kwa siku mbili. Alishaita watu wa kusoma dua. Sasa tumepatana: ujumbe mfupi hupenya pale simu isipopita, nautuma kwa dada yangu mmoja tu, naye ndiye anayewaambia wengine.