Kwa mnaokwenda kusoma China: mwaka mpya wao usiwakute bwenini

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda China, nianze na tarehe, maana mimi ndiyo iliyonikwamisha. Mwaka mpya wao unafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo unahama, ila hautoki kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka 2025 uliangukia Januari 29, na 2026 ukaangukia Februari 17. Msimu wa safari huchukua siku 40, kuanzia kama wiki mbili kabla ya sikukuu. Ni kama Wachaga wanavyorudi Moshi kila Desemba, ila huko ni nchi nzima. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na ukichelewa hupati.

Mwaka wangu wa kwanza sikuyajua hayo. Kantini ikafungwa, duka la chini ya bweni likafungwa, nikala tambi za pakiti siku nne mfululizo. Wekeni mchele, mayai na mafuta wiki moja kabla.

Lakini njaa haikuniuma kama upweke. Sikukuu hii husherehekewa ndani ya nyumba za watu. Ukingoja kuiona barabarani utaikosa. Hata fataki, miji mingi imezipiga marufuku au kuziwekea mipaka. Mwenzako wa darasani akikuambia twende kwetu, nenda. Usione haya.

Mwaka wa pili nilikwenda kwa kina rafiki yangu, kijijini, mkoa wa Shandong. Tulifagia na kupangusa nyumba nzima kabla ya mkesha, kwa sababu siku ya kwanza ya mwaka ufagio haushikwi, usije ukaitoa bahati pamoja na taka. Baba yake akabandika mlangoni karatasi nyekundu zenye mistari miwili ya shairi, mmoja kila upande.

Kama huli nguruwe, sema siku ile ile unayoalikwa, usingoje mezani. Neno la halali ni qingzhen, lijue kabla hujaondoka nyumbani. Mimi nilisema mapema, nikatengewa sufuria yangu na bakuli la mayai na majani ya kitunguu ya kujazia jiaozi, vile vifuko vya unga vinavyojazwa kitu ndani na kuchemshwa. Jioni ya mkesha bibi akaniita jikoni. Akaniwekea kiganjani kiduara cha unga, akatia kijiko kimoja katikati, akakunja, akabana ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, mikunjo midogo midogo. Ya kwanza niliyofunga mwenyewe ilipasukia kwenye maji. Bibi hakusema neno. Alishika vidole vyangu akabana pamoja nami mpaka nikaweza.

Samaki huletwa mzima, na hamalizwi. Jina lake, yu, hutamkwa sawa na neno la ziada, hivyo akibaki ni mwaka wa akiba. Kwa zawadi, matunda yanatosha, ila acha peasi, maana jina lake linasikika kama kutengana. Na saa ya ukutani usiibebe kabisa: kusema unampa mzee saa kunasikika sawa na kusema unamuuguza hadi kumzika.

Bahasha nyekundu, hongbao, ni mkono wa Idi kabisa. Pokea kwa mikono miwili, usifungue mbele ya aliyekupa. Ukiwapa watoto, tafuta noti mpya, na usiweke kiasi chenye nne, kwa kuwa nne inasikika kama kifo. Jifunze angalau xin nian kuai le, heri ya mwaka mpya, na umwambie mkubwa wa nyumba kabla ya wengine.

Saa sita usiku jiaozi zikapakuliwa, televisheni ikiwa bado kwenye lile onyesho la mkesha ambalo Wachina wanalitazama tangu 1983. Zangu zilijulikana kwa kupinda. Bibi akazichagua moja moja kwa vijiti, akazila yeye.