Nyama "rafiki wa mazingira" kutoka Kilwa: utathibitishaje?

Mkuu, umeuliza utajuaje kama muuzaji wa Kilwa anayekuletea nyama hapo Mtwara mjini kwa bei ya juu, akidai ng'ombe wake "hawaharibu mazingira", anasema kweli. Muulize kwanza: hawaharibu nini? Msitu, maji au hewa? Kila kimoja kina ushahidi wake.

Kwa mkoa wa Lindi, iliko Kilwa, ningeanza na ardhi. Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007 na wengi kuelekezwa kusini, malisho na mashamba vimegombanisha watu sana. Akutajie kijiji. Nenda kwa mtendaji, omba kuona mpango wa matumizi ya ardhi: boma lake limo kwenye eneo la malisho, au liko ndani ya msitu wa kijiji? Zungumza na wakulima jirani pia, hasa kiangazi, mifugo inapofuata maji. Hereni ya utambulisho ya ng'ombe na kibali cha kusafirisha mifugo vinaonyesha mnyama alikotoka tu, si alivyolishwa.

Hewa ni ngumu zaidi. Ng'ombe yeyote hutoa methani anapocheua, na kwa kipimo cha miaka 100 gesi hiyo hupasha joto takriban mara 27 kuliko kaboni dioksidi. Anayekula majani tu huchelewa kukomaa, hivyo methani kwa kila kilo ya nyama inaweza hata kuzidi ya anayenenepeshwa kwa nafaka. Akisema malisho yake yananyonya kaboni yote, dai vipimo vya udongo vya mwanzo na vya miaka kadhaa baadaye, vilivyochukuliwa na mtu asiye na maslahi kwenye biashara hiyo. Kama hana, usimlipe hiyo nyongeza.